Kosa Lisilo na Mwenyewe

Wakili aliitwa Desbiens, na ofisi yake mjini Roberval ilinuka tumbaku na makoti yaliyolowa. Ghislaine Thivierge aliketi mbele yake bila kuvua lake, mkoba mapajani, akamweleza yote kama alivyokuwa ameyakariri njia nzima ndani ya basi. Mume wake Rosaire, fundi seremala, umri miaka hamsini na mmoja, alikuwa akirudi nyumbani Saint-Ludovic tarehe kumi na mbili Februari, saa kumi na nusu jioni. Mbele yake kulikuwa na greda la kusukuma theluji. Kijana Fabien Boivin akatokea upande wa pili, mbio kama kawaida yake, akahama upande wake wa barabara akamvaa uso kwa uso. Leo ilikuwa siku ya thelathini na nne, na Rosaire hajafumbua macho.

"Nataka nimshtaki," alisema.

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Mama, huwezi."

"Kama ni malipo yako, nitauza gari."

"Si malipo yangu. Ni sheria. Tangu mwaka wa sabini na nane, hapa Québec, mtu akiumia barabarani hamdai aliyemgonga. Analipwa na bima ya serikali. Mshahara, matibabu, hata mtu wa kumwangalia nyumbani. Na bima haiulizi kosa ni la nani. Haiulizi kabisa. Kwa mambo hayo mlango wa mahakama umefungwa."

"Na Boivin? Amekatwa mguu. Yeye nani anamlipa?"

"Bima hiyo hiyo."

"Sawa na Rosaire?"

"Kwa kadiri alivyoumia, ndiyo."

Ghislaine alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Na polisi je?"

"Angekuwa amelewa, wangempeleka mahakama ya jinai. Hakuwa amelewa. Ripoti nimeisoma. Upepo mkali, theluji inapeperuka, walipofika alama za matairi zilikwisha funikwa. Magari yote mawili yamo mtaroni. Maelezo ni ya dereva mmoja tu, kwa sababu wa pili hasemi. Wamefunga faili." Akairudisha miwani puani. "Sheria hii inakulinda na wewe, mama. Hakuna anayeweza kukushtaki."

"Mimi nishtakiwe kwa lipi?" Ghislaine aliuliza, akainuka, akatoka bila kungoja jibu. Wala hakuuliza yule dereva mmoja alikuwa amesema nini.

Kwa miaka kumi na moja Ghislaine alikuwa amepika jikoni mwa shule ya Saint-Ludovic bega kwa bega na Aline Boivin, mama yake Fabien. Aline alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, na ndiye aliyeweza kumenya gunia la viazi huku anasimulia habari za kijiji kizima bila kukata ganda nene. Walikuwa wakikopeshana aproni. Siku mume wa Aline alipozikwa, ni Ghislaine aliyesimama mlangoni kupokea wageni.

Sasa walikutana katika hospitali kubwa ya Québec mjini, ghorofa mbili tofauti, mashine moja ya kahawa. Mwezi wa nne Rosaire alifumbua macho. Mwezi wa tano akaanza kutoa sauti. Mwezi wa sita madaktari walimwambia Ghislaine, kwa upole wa watu wanaosema jambo hilo kila wiki, kwamba mume wake atakula, ataketi, pengine atatembea hatua chache akishikwa, lakini asitarajie kumrudisha nyumbani yule aliyeondoka asubuhi ile na msumeno wake garini.

Ilikuwa siku hiyo hiyo aliposhuka na lifti akakuta mlango unafunguka na Fabien yuko nje yake, kwenye kiti cha magurudumu, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kulia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kabla ya ajali alikuwa akikata miti kambini kaskazini, kifua kama pipa. Sasa shingo yake ilikuwa nyembamba ndani ya kola.

"Bi Ghislaine," alisema, "nilikuwa nataka nikwambie siku ile—"

"Usinitajie siku ile."

"Lakini mimi nilikuwa—"

"Unalipwa, sivyo? Unalala, unalishwa, unapewa mguu mpya. Basi nyamaza ule."

Akampita. Nyuma yake alisikia mlango wa lifti unajifunga, unagonga kiti, unafunguka tena.

Alipoanza tena kazi Septemba, Aline alimfuata ghalani, kati ya makopo ya njegere. "Ghislaine, sikiliza. Mwanangu ana makosa yake, ana faini tatu za mwendo wa kasi, najua. Lakini anaapa alikuwa upande wake. Anasema ni Rosaire aliyetoka nyuma ya greda."

"Mwanao amemmaliza mume wangu, sasa anataka kumzulia."

"Simzulii mtu. Nakwambia alichomwambia polisi tangu siku ya kwanza. Wameandika."

"Na wewe ukaamini. Mama gani asiyeamini?" Ghislaine alichukua makopo mawili, akatoka. Tangu siku hiyo hakumsemesha Aline ila mambo ya chumvi na masufuria. Wapishi wengine wawili wakafanya vivyo hivyo, kwa sababu ya huruma yao kwa Ghislaine, na wiki haikupita Aline akawa anakula chakula chake cha mchana amesimama karibu na sinki.

Desemba Rosaire aliletwa nyumbani. Bima ya serikali ilitengeneza mlango ukawa mpana, ikaweka mteremko wa kiti barazani, ikamlipa mwanamke wa kumwogesha asubuhi. Hakuna lililokosekana. Ghislaine alijaza fomu na vitu vikaja, na kila kilipokuja kitu aliona kinywa chake kinazibwa zaidi. Rosaire aliyekuwa akitengeneza madirisha yasiyopitisha hata uzi wa baridi sasa alishindwa kupeleka kijiko mdomoni. Aliweka viatu ndani ya jokofu. Simu ikilia, analia. Siku nyingine alimwita Ghislaine "mama," siku nyingine alimtukana kwa maneno ambayo katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Na kila siku, mara nne, mara tano, aligusa kovu la kichwani na kuuliza, "Nani kanigonga?"

"Fabien Boivin."

"Nani?"

"Fabien Boivin. Mbwa yule."

Daktari alisema kumbukumbu mpya hazitashika. Hiyo ilishika. Ilipofika Februari, mwaka mmoja kamili, alikuwa haulizi tena. Alikuwa akijisemea mwenyewe mbele ya dirisha, polepole, kama mtoto anayesoma ubao: "Fabien Boivin. Mbwa yule."

Aline alikuja mara moja, Jumapili moja baada ya misa, na pai ya nyama imefungwa kwenye taulo ili isipoe. Ghislaine alimwacha aingie. Hakumwambia keti. Aline alimwinamia Rosaire kwenye kiti chake, akamwambia, "Hujambo, Rosaire? Ni mimi Aline. Aline Boivin."

Rosaire aliinua uso. Jina lilimgusa mahali. "Fabien Boivin," alisema, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. "Mbwa yule."

Aline aligeuka kumwangalia Ghislaine, na Ghislaine hakushusha macho. Pai ilibaki juu ya meza. Jioni aliitupa, sahani na taulo vyote.

Kijiji kilimaliza kilichobaki. Hakuna aliyeagiza mwenzake. Kinyozi alisema ana wateja kila Fabien alipofika, hata kiti kikiwa kitupu. Mtu alimtobolea matairi ya gari lake jipya, lile ambalo bima ilimlipia liendeshwe kwa mikono. Kwenye kantini ya uwanja wa magongo kijana mmoja alimwiga anavyotembea na mguu wa bandia, na watu wakacheka ndani ya vikombe vyao. Aline aliacha kazi wakati wa Pasaka. Mwezi wa kumi walipakia vitu vyao kwenye lori wakahamia Alma, mwendo wa saa moja na nusu, na Ghislaine alitazama lori likipita kutoka dirisha la jikoni, akasema kwa sauti ingawa hakukuwa na mtu wa kusikia, "Afadhali."

Lakini haikuwa afadhali. Hasira iliyokuwa na uso sasa haikuwa na uso, ikageukia sheria. Pierrette, dada yake Rosaire, ndiye aliyeleta wazo la saini. Pierrette alikuwa karani wa posta, mwenye sauti ya kuamrisha na kalamu isiyokosa wino.

"Wifi," alisema, "kulia hapa jikoni hakusaidii. Tuwaandikie. Aliyevunja watu awajibike yeye mwenyewe, kwa mali yake, mbele ya jaji. Nani atakataa kutia saini hapo?"

Hakuna aliyekataa. Walizunguka vijiji vitano kipindi chote cha kiangazi mwaka wa themanini na tisa, Ghislaine anabisha hodi, Rosaire garini ameshusha kioo ili watu wamwone. Saini zilipita mia sita. Gazeti la wilaya likaandika. Mbunge akatuma habari kwamba Jumapili ya tatu ya Oktoba atakuja mwenyewe ukumbi wa parokia kupokea waraka, na mwandishi wa gazeti akampigia Ghislaine simu: angependa habari yake iwe na shahidi. Yule dereva wa greda je? Angeweza kueleza alivyoona?

Dereva wa greda alikuwa Philémon Dufour, rafiki wa Rosaire wa miaka mingi. Walikuwa wakiwinda pamoja kila vuli. Tangu ajali alikuwa akija kila Jumatano kumkalia Rosaire ili Ghislaine aende dukani, na hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Polisi waliwahi kumhoji, naye akasema ameona wingu jeupe tu.

Ghislaine alimkuta Ijumaa mchana nyuma ya nyumba yake, anapasua kuni.

"Jumapili nataka usimame kidogo," alimwambia. "Maneno mawili tu. Useme Fabien alivyokuja."

Philémon aliweka shoka chini. "Sijui kusema mbele ya watu."

"Si hotuba. Aliyekuwepo ni wewe peke yako."

"Nilisema sikuona."

"Lakini greda lina vioo vya pembeni. Uliona kitu, Philémon. Hata kama ni taa. Hata kama ni kivuli tu."

"Niache, Ghislaine."

"Nikuache? Mwenzako anavaa nepi, wewe unaogopa maikrofoni?"

Mzee alikaa juu ya gogo la kupasulia. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mikono mikubwa, na aliongea akiitazama mikono hiyo.

"Alikuwa nyuma yangu tangu daraja la mto," alisema. "Rosaire. Naziona taa zake. Kuna upepo, kila nikisukuma, theluji inapanda inafunika kila kitu. Nilimpigia taa abaki nyuma. Mara mbili. Halafu nikaziona taa zake zinatoka. Kushoto. Anataka kuniovateki ndani ya lile wingu. Nikapiga honi. Na mbele naona taa nyingine zinakuja, upande wake kabisa, polepole. Polepole, Ghislaine. Kijana alikuwa anakwenda taratibu siku ile."

Ghislaine aliokota kipande cha kuni, akakirudisha chini.

"Walikutana sawa na mlango wangu. Gari la Rosaire likazunguka nyuma ya greda, likaangukia mtaro wa upande wetu. Ndiyo maana walilikuta kule. Walipokuja polisi, upepo ulishafagia."

"Umenyamaza miaka miwili na nusu."

"Nilimwona damu inamtoka masikioni. Nikasema huyu anakufa. Sitampeleka kaburini na jina la muuaji. Halafu hakufa. Nikauliza pale kituoni, kama bila kutaka, je, ikiwa kosa ni la fulani au fulani inabadilisha nini? Yule ofisa akaniambia haibadilishi kitu, bima inalipa wote. Nikajiambia, basi. Hakuna anayeumia." Alifuta pua kwa kiganja. "Sikujua ninyi mtafanya vile."

"Sisi?"

"Ndiyo, ninyi. Na mimi nikiwaangalia."

Ghislaine alirudi kwa miguu ingawa gari lake lilikuwa pale pale mbele ya nyumba ya Philémon. Alikumbuka hilo alipofika kwake. Rosaire alikuwa dirishani na mwanamke wa kumwogesha, aliyekubali kubaki mpaka arudi. Alimkuta anasema maneno yake. Ghislaine akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mashavu.

"La, Rosaire. Si Fabien. Sikiliza. Si Fabien."

"Fabien Boivin," Rosaire alisema.

"Si yeye. Fabien hakukugonga. Sema: hakunigonga."

"Mbwa yule," alisema Rosaire, akitabasamu, kwa sababu aliona ameulizwa na anajua.

Alijaribu Ijumaa ile yote na Jumamosi nzima. Alijaribu kwa upole, alijaribu kwa kelele, mwisho akamtikisa mabega mpaka yule mtu akaanza kulia. Jina halikutoka. Ghislaine mwenyewe alikuwa amelipigilia vizuri mno.

Pierrette alikuja Jumapili asubuhi na waraka umefungwa utepe wa buluu. Alisikiliza amesimama, waraka kifuani. Ghislaine alipomaliza, alikwenda akaufunga mlango wa chumba alimokuwa Rosaire.

"Nani mwingine anajua?"

"Philémon. Mimi. Sasa wewe."

"Basi inaishia hapa."

"Na Fabien anajua, Pierrette. Fabien na Aline wanajua tangu siku ya kwanza. Walituambia."

"Wameshahama. Wana bima yao, wana nyumba yao, hakuna kilichowapungukia."

"Mguu."

"Usinichezee. Mguu hutaurudisha kwa kusema." Pierrette alinyoosha kidole kwenye mlango uliofungwa. "Huyo ni kaka yangu. Amebakiwa na nini? Hawezi kujitetea, hawezi hata kukumbuka. Jina lake ndilo limebaki, na wewe mke wake unataka kumvua nguo mbele ya mbunge na gazeti? Saini mia sita, wifi! Watu walitia saini kwa ajili yake!"

"Walitia saini dhidi ya Fabien."

"Basi leo usiende. Sema unaumwa. Nitakwenda mimi."

"Nawe utasema nini?"

Pierrette alivaa glavu zake kidole kimoja kimoja. "Ukisema," alitamka mlangoni, "usinihesabu tena kuwa wifi yako."

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka barazani. Akina mama wa kwaya walikuwa wamepika supu ya njegere, na harufu yake ilifika mpaka jukwaani, ambapo mbunge, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, alikuwa ameketi na padri. Mwandishi wa gazeti alikuwa mstari wa mbele na kamera yake. Rosaire aliwekwa pembeni, kiti chake kimefungwa breki, blanketi magotini. Philémon hakuonekana.

Padri alimkaribisha Ghislaine. Watu wakapiga makofi mengi, wengine wamesimama. Alingoja yaishe. Hotuba aliyoandika wiki nzima ilikuwa kwenye mkoba, hakuitoa.

"Mheshimiwa," alianza, "nimekuja kukuomba sheria ya kumwajibisha mwenye kosa. Ijumaa nimejua mwenye kosa ni nani. Ni mume wangu."

Palitokea kicheko kimoja, cha mtu aliyedhani amesikia vibaya.

"Rosaire alitoka nyuma ya greda ndani ya wingu la theluji. Fabien Boivin alikuwa upande wake na alikuwa anakwenda taratibu. Aliyeona ameniambia, na namwamini. Fabien naye alisema. Aline alisema. Aliniambia mimi ghalani, pale shuleni, uso kwa uso, nikamwita mwongo. Kungekuwa na jaji kama nilivyotaka, angenisimamisha mimi pale, angeninyang'anya nyumba akawapa wao, na ingekuwa haki. Sikushtakiwa. Lakini nilihukumu. Niliwafukuza kijijini na ninyi mkanisaidia."

"Aa, Ghislaine, sisi hatukumfukuza mtu," alisema mwanamke mmoja nyuma, kwa sauti ya kuumia.

"Kinyozi yupo," Ghislaine alisema. "Mwulize."

Kinyozi alikuwa akiangalia kofia yake. Hapo Rosaire, aliyesikia jina linalotajwa tena na tena, aliinua kichwa na kusema kwa sauti safi iliyofika kila pembe ya ukumbi, "Fabien Boivin. Mbwa yule."

Hakuna aliyecheka. Ghislaine aliegemea meza. "Hilo nalo," alisema, "nimemfundisha mimi."

Alishuka jukwaani, akafungua breki ya kiti, akamsukuma mume wake katikati ya watu waliojibana kuwapisha. Mwandishi hakupiga picha. Mbunge alisimama, akakaa, akasimama tena, mwishowe akamwomba padri maji. Waraka wenye utepe wa buluu ulibaki kwa Pierrette, na Pierrette hakuupeleka popote.

Siku zilizofuata watu walimtendea Ghislaine ajabu. Hawakumtenga. Walimwonea huruma, walimletea vyakula, na kila mmoja alimnong'oneza kwamba hakuwa na haja ya kusema. "Ungeacha tu," walisema. "Ilikuwa imekwisha." Philémon aliacha kuja Jumatano. Ghislaine alimfuata mara mbili, akamgongea, akaona pazia linasogea, mlango usifunguliwe. Pierrette alikuwa akimpa barua zake dirishani mwa posta kama anavyompa mgeni.

Mwezi wa kumi na moja alipanda basi la Alma. Alikwenda kwanza nyumbani kwao, orofa ya pili juu ya duka la dobi. Aline alifungua mlango kiasi cha mnyororo.

"Nimesikia," Aline alisema kabla hajaulizwa. "Nimeletewa habari na watu watatu. Ahsante kwa kusema."

"Aline, naomba niingie."

"La." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja. "Nilipokuja kwako na pai yangu, uliniacha niingie ili nisikie lile neno. Mimi sitaki uingie usikie langu. Fabien yuko kazini, duka la vipuri, nyuma ya stesheni." Akafunga.

Fabien alikuwa nyuma ya kaunta ndefu, kati ya masanduku ya plagi na mikanda ya injini. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimtambua Ghislaine tangu mlangoni, akaendelea kumhudumia mteja mpaka mwisho, akamrudishia chenji, akamwambia kwaheri. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja kusema mbele yako. Niliwaambia wao, sikukwambia wewe."

"Sema."

Alisema. Haikuchukua muda. Yale aliyoyaandaa ndani ya basi yaliisha kwa sentensi tatu, na baada ya hapo alibaki amesimama, mkoba mkononi.

"Unajua," Fabien alisema, "mguu nimeuzoea. Lakini siku ile ya lifti nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. Nilitaka kukwambia kwamba sina kinyongo na Rosaire. Hilo tu. Nilikuwa sijui kama anaweza kufa, nikataka ulijue kabla." Alisogeza sanduku la plagi, akalirudisha mahali pake. "Sasa kinyongo ninacho. Siwezi kuongopa. Nikimwota, nampiga."

"Mpige," Ghislaine alisema. "Hata mimi nampiga."

"Zamani ningekushtaki. Ningechukua nyumba, ningechukua karakana yake, tungemalizana. Sasa siwezi kuchukua kwako hata kijiko. Hata sijui nikudai nini."

"Nitafanya utakalosema."

"Ndiyo hilo. Sina la kusema."

Mteja aliingia, akakung'uta theluji viatuni, akaenda kutazama betri ukutani. Fabien alimwangalia, kisha akainama kidogo juu ya kaunta, sauti yake chini.

"Jambo moja. Nimejiuliza sana. Siku ile alikuwa anakimbilia nini?"

Ghislaine alifikiri. Alifikiri kwa dhati, akairudia jioni ile toka mwanzo: dirisha lenye ukungu, redio, sufuria. Hakukuwa na mgonjwa. Hakukuwa na mgeni aliyekuwa akingojewa.

"Hakuna," alisema. "Hata chakula kilikuwa bado hakijaiva."

Fabien alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Kisha akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea rafu, akazunguka kaunta kwenda kumsaidia yule mteja wa betri.